Ukiunda vepu Malindi ukaiuza: leseni ya kaunti haitoshi

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, si kifaa cha ajabu. Ni kijisanduku cha mbao au plastiki kinachokaa kiganjani, na ndani yake mna betri ya lithiamu, swichi, koili ya waya mwembamba na pamba iliyolowa kimiminika. Ukibonyeza swichi koili inapata moto, kimiminika kinageuka mvuke, mtu anavuta. Fundi wa simu aliyezoea kuchomelea nyaya kwenye bodi anaweza kukiunda alasiri moja. Na Malindi wanunuzi hawakosekani: kuna wageni wa Kiitalia wanaokaa msimu mzima Casuarina na Watamu, kuna vijana wa mjini, kuna watu wazima wanaotaka kuachana na sigara ya kawaida. Ndiyo maana mafundi ninaowasaidia kujaza ritani zao za kodi huniuliza swali hili: nikiunda vepu zangu mwenyewe na kuziuza, nadaiwa nini, na nani ananidai?

Jibu wanalopewa mtaani ni fupi. Wewe mdogo, lipa leseni ya kaunti, hayo mengine ni ya makampuni. Jibu hilo ni la hatari, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu watakaoumia ni watu ambao hawakukusudia kumwibia mtu yeyote.

Tuanze na leseni hiyo. Fundi wa Malindi hulipia leseni yake ya biashara kwa Kaunti ya Kilifi, na mwenzake wa Lamu hulipia kwa Kaunti ya Lamu. Ni halali, ni lazima, na bila hiyo askari wa kaunti wana haki ya kukufungia kibanda. Lakini Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimegawa mambo waziwazi: kodi ya mapato, VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti hutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma na leseni. Kwa hiyo karatasi ile iliyobandikwa ukutani, hata ikiwa na muhuri na sahihi zote, haisemi lolote kuhusu deni lako kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Haikufuti kwenye daftari lao wala haikuandiki.

Sasa tuingie kwa KRA wenyewe, maana hapa ndipo fundo lilipo. Kodi ya mapato inauliza umepata kiasi gani. VAT inauliza umeuza kiasi gani kwa mwaka. Ushuru wa bidhaa unauliza kitu chenyewe ni nini. Watu huchukua jibu la maswali mawili ya kwanza, ambayo kweli humpa mfanyabiashara mdogo nafuu, wakadhani nafuu hiyo inafika hadi la tatu. Haifiki.

Chukua hesabu hii. Tuseme fundi anaunda vepu 25 kwa mwezi na kuziuza shilingi 2,500 kila moja. Betri, bodi, koili, mbao na waya vinamgharimu 1,600, kwa hiyo kila kifaa kinamwachia 900. Kwa mwaka ameuza vifaa 300, mauzo yake ni 750,000, na faida ni 270,000.

Kodi ya mauzo, ile watu wanayoiita TOT, ni asilimia 3 ya mauzo yote tangu Julai 2023, na inamhusu mwenye mauzo yanayozidi milioni moja kwa mwaka hadi milioni 25. Fundi wetu hajafika huko. Anabaki kwenye kodi ya mapato ya kawaida, inayotozwa kwenye faida, na hapo shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Nafuu ya kila mlipakodi ni shilingi 2,400 kwa mwezi, na ukizidisha mara 12 unapata 28,800 ileile. Faida yake ya 270,000 iko chini ya kiwango hicho, kwa hiyo kodi ya mapato ni sufuri. Bado lazima apeleke ritani kufikia tarehe 30 Juni, kwa sababu kutopeleka kunamletea adhabu ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, hata kama hakudaiwa senti. Lazima pia aweze kuthibitisha zile 1,600 za gharama. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, na hili linawauma mafundi wengi wanaonunua betri kwa mkono bila risiti. Ukishindwa kuthibitisha gharama, mauzo yako yanageuka kuwa faida yako.

VAT ni asilimia 16, na usajili wa lazima unaanza ukiuza bidhaa za kutozwa kodi za milioni tano kwa mwaka. Fundi wetu yuko mbali. Sufuri tena.

Kufikia hapa fundi anapumua. Ndipo linapokuja swali la tatu. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ina jedwali linalotaja vitu kwa majina, na sigara za kielektroniki zimo tangu mwanzo. Wakati ule ushuru ulikuwa kiasi maalum cha pesa kwa kila kifaa: shilingi 3,000 kwa kifaa na 2,000 kwa katriji, yaani kile kichupa cha kimiminika kinachochomekwa kwenye kifaa. Sheria ya Fedha ya 2022 ikabadilisha, ikaweka asilimia 40 ya thamani kwa sigara za kielektroniki na vifaa vingine vya kupitishia nikotini, na asilimia 40 kwa katriji zake. Katika jedwali hilo hamna kiwango cha mauzo cha kuanzia. Hakuna milioni moja, hakuna milioni tano. Kifaa cha kwanza kabisa kinachotoka kwenye meza yako ya kazi kimeshaingia.

Asilimia 40 ya 2,500 ni 1,000. Mara 300 ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Tazama hesabu hiyo kando ya faida ya 270,000. Mtu ambaye kodi ya mapato inamwona kuwa maskini wa kutotozwa chochote, ushuru wa bidhaa unamdai zaidi ya kila kitu alichopata. Hata ikikubaliwa kwamba bei yake ya 2,500 tayari ina ushuru ndani yake, hesabu inakuwa 714 kwa kila kifaa, na katika zile 900 zake anabaki na 186.

Njia halali ni kuongeza ushuru juu ya bei. Kifaa kinauzwa 3,500, na mnunuzi ndiye anayebeba zile 1,000. Siku biashara itakapokua ukasajiliwa VAT, zile asilimia 16 zitakokotolewa juu ya 3,500, si juu ya 2,500, kwa sababu VAT hutozwa kwenye bei ambayo ushuru umeshaingia. Hapo mnunuzi analipa 4,060. Iwapo kuna mtu Malindi atakayelipa kiasi hicho kwa kijisanduku cha fundi wa mtaani ni swali la soko, na fundi ndiye anayelijua soko lake kuliko mimi.

Tena kuna leseni ya aina nyingine kabisa. Anayezalisha bidhaa ya kutozwa ushuru ndani ya Kenya hatakiwi kuanza kuzalisha kabla KRA haijampa leseni ya kufanya hivyo, na leseni hiyo inafungamana na jengo maalum. Ukipewa, unapeleka ritani ya ushuru kila mwezi na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuzalisha bila leseni ni kosa la jinai, na bidhaa pamoja na vifaa vya kazi vinaweza kuchukuliwa. Wapo wanaosema, “Mimi sizalishi, naunganisha tu.” Sheria imelizuia hilo pia: hatua ya katikati katika kutengeneza bidhaa, hata ambayo haijakamilika, inahesabiwa kuwa uzalishaji.

Njia nyingine ninayosikia ikisifiwa ni kuagiza vifaa kutoka China vikiwa vipande vipande, ili viingie nchini kama vipuri. Forodha walishalifikiria jambo hilo zamani, na si Kenya peke yake. Kanuni za kimataifa za kuainisha bidhaa zinasema kitu kilicholetwa kimefunguliwa, kikiwa na sehemu zake zote muhimu, kinahesabiwa kama kitu kizima. Katoni yenye sanduku 50, bodi 50 na koili 50 ni vepu 50. Itatozwa ushuru wa bidhaa bandarini, na juu yake ada ya tangazo la forodha ya asilimia 2.5, tozo ya reli ya asilimia 2 na VAT. Hiyo VAT ya bandarini hulipwa na kila aagizaye, aliyesajiliwa na asiyesajiliwa.

Nitasema wazi maoni yangu. Jedwali hili liliandikwa likiwaza makontena na viwanda vya Nairobi. Sioni dalili kwamba aliyeliandika alimfikiria fundi wa Maweni mwenye meza moja na taa ya mezani. Lakini sheria haisomwi kwa kumhurumia fundi, na KRA ina uwezo wa kurudi nyuma miaka mitano kukagua hesabu zako. Malipo ya Till ya M-Pesa hayafutiki, na kila moja lina tarehe na kiasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa biashara hii daftari lenyewe ni kinga, maana asiye na rekodi hukadiriwa na mwenye kumdai.

Kimiminika ni habari nyingine

Yote niliyoyaeleza yanahusu kifaa kitupu. Fundi anayeuza pia yale maji ya kujazia, yaani kimiminika chenye nikotini, anaingia kwenye mstari mwingine wa jedwali lilelile. Mwaka 2022 uliwekwa ushuru wa shilingi 70 kwa kila mililita ya nikotini ya maji inayotumika kwenye sigara za kielektroniki. Sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 iliupandisha hadi shilingi 100. Kichupa cha mililita 10, ambacho ukikishika ni kama chupa ya dawa ya macho, kinadaiwa 1,000. Kile cha mililita 30 kinadaiwa 3,000. Ukikuta kichupa cha mililita 30 kinauzwa 1,500 dukani, hesabu rahisi inakuambia kwamba ushuru haukulipwa. Wewe uliyekinunua ili ukiuze tena ndiwe utakayekutwa nacho.

Ushuru huu unatazama ujazo, hautazami ukali. Mililita yenye nikotini kidogo na mililita yenye nikotini nyingi zinalipa sawa. Kwa hiyo anayenunua nikotini kali akaichanganya nyumbani ili iwe mara kumi zaidi ametengeneza mililita mpya za kutozwa, na amekuwa mzalishaji tena. Mwenye leseni anaweza kupunguza kwenye deni lake ushuru alioulipa kwenye malighafi. Asiye na leseni hana nafuu hiyo.

Kuna sababu ya pili ya kumwomba fundi asichanganye nikotini jikoni, na haina uhusiano na kodi. Nikotini kali ni sumu inayopita kwenye ngozi. Ikimwagika kwenye meza ambayo baadaye mtoto ataliwekea andazi lake, hakuna ritani itakayorekebisha hilo. Mimi ningependa mafundi wote waliache kabisa jambo hili.

Kulipa kodi hakukifanyi kitu kuwa halali

Hili linawachanganya hata watu waliosoma. KRA inatoza ushuru kwenye vepu, basi vepu ni halali kama soda. Sivyo. Kodi na ruhusa ni vitu viwili. Kipato cha biashara iliyokatazwa nacho hutozwa kodi, na bidhaa iliyolipiwa kodi yote yaweza kukamatwa na afisa wa afya.

Sheria inayotawala hapa ni Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kufanya kazi Julai 2008. Haikutaja vepu, kwa sababu wakati inaandikwa vepu zilikuwa hazijasambaa. Lakini maana yake ya bidhaa ya tumbaku inafika mbali: ni kitu kilichotengenezwa kwa tumbaku, chote au kwa sehemu, pamoja na kilichokamuliwa kutoka majani ya tumbaku, kinachokusudiwa kuvutwa, kutafunwa, kunuswa au kumung’unywa. Nikotini nyingi inayouzwa duniani imekamuliwa kutoka kwenye majani ya tumbaku. Ukiisoma maana hiyo kama ilivyo, kichupa cha nikotini kimo ndani.

Wizara ya Afya iliwahi kuchukua msimamo huo kwa bidhaa ya jirani. Vile vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka mdomoni viliingia sokoni vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, kana kwamba ni dawa. Mwaka 2020 Waziri wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akaagiza usajili ufutwe na vifuko vihesabiwe kuwa bidhaa ya tumbaku. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka Seneti mswada wa kurekebisha sheria hiyo ya 2007, ili sigara za kielektroniki na bidhaa mpya za nikotini zitajwe kwa majina yake. Anayeingia katika biashara hii leo ajue kwamba mwelekeo ni wa kukaza.

Kwa fundi wa Malindi, sheria hii inagusa mambo ya kila siku. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na “alionekana mkubwa” si utetezi wa kutegemea, kwa hiyo omba kitambulisho. Hili silisemi kwa sababu ya faini. Sitaki kumwona mtoto wa darasa la nane na kifaa hiki mfukoni, na fundi anayemuuzia hastahili msaada wangu wala wa mtu mwingine. Kutangaza bidhaa ya tumbaku kumekatazwa, na tangazo si bango la barabarani tu. Picha kwenye status ya WhatsApp yenye bei na namba ya simu ni tangazo, na video ya kijana anayepuliza mawingu ya mvuke ufuoni kwa niaba yako ni tangazo pia. Kisha kuna maonyo kwenye pakiti: sheria inataka yawe kwa Kiswahili na Kiingereza, yachukue si chini ya asilimia 30 ya uso wa mbele na asilimia 50 ya nyuma. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwa stepla hauna pa kuyaweka.

Mtu wa Pwani atanikumbusha habari ya shisha, na ana haki. Desemba 2017 serikali ilipiga marufuku shisha kwa kanuni za afya ya umma. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, pale Mombasa, ikawaachilia washtakiwa 48 kwa sababu kanuni zile hazikuwahi kufikishwa Bungeni inavyotakiwa. Baadhi ya watu wametoka na funzo kwamba marufuku za Wizara hazina meno. Mimi naona tofauti kubwa. Kilichoanguka Shanzu ni kanuni iliyotungwa bila kufuata utaratibu. Sheria ya Tumbaku na Sheria ya Ushuru wa Bidhaa zimepitishwa na Bunge lenyewe, na mlango ule haumo. Tena wale 48 walikwishakamatwa na kufikishwa kortini kabla ya kuachiliwa. Wakili na siku za kazi zilizopotea hakuna aliyewarudishia.

Betri ikilipuka

Mafundi wengi hutumia seli zilizotolewa kwenye betri za laptopu zilizokufa, zile za mviringo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Ni rahisi kupatikana. Seli hiyo ikijaa chaji ina volti 4.2. Ukiiunganisha na koili ya ohm 0.5, unagawa 4.2 kwa 0.5 na kupata ampea 8.4, karibu wati 35. Seli nyingi za laptopu ziliundwa kutoa umeme polepole kwa saa kadhaa, na mkondo huo ni mzito kwao. Ongeza swichi iliyokwama au waya uliokatika ganda na kugusana, na hapa kwetu hewa ya chumvi inavila viungo vya chuma haraka. Seli inapanda joto, joto linaamsha kemikali zake, kemikali zinaongeza joto, na haizimiki tena. Hiyo seli inakuwa mfukoni mwa mteja au sentimita chache kutoka mdomoni mwake.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro yake. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inaongezea, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inachukulia kwamba muuzaji ameahidi kifaa kinafaa kwa kazi yake, hata kama hakutamka neno. Kijikaratasi cha “ukinunua ni kwa hatari yako” hakitakuokoa mbele ya hakimu wa Malindi. Na kama unafanya biashara kwa jina lako au jina la biashara tu, bila kampuni, deni la mahakama linaweza kufuata mali yako ya binafsi: pikipiki, kiwanja, sehemu yako katika mashua ya familia. Kampuni yenye dhima yenye mipaka hutenganisha mali ya biashara na yako, ingawa haikukingi na uzembe ulioufanya kwa mikono yako mwenyewe. Shirika la Viwango, KEBS, nalo lina neno kuhusu vifaa vya umeme vinavyotengenezwa nchini, na alama yake ya ubora hupatikana kwa kuomba na kupimiwa. Fundi anayefikiria biashara hii kwa dhati aanzie hapo kabla ya kununua mbao.

Kuuza nje ya nchi sitakaa nako sana. Mgeni wa Italia akikuomba umtumie vingine Milano, ujue kwamba Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 20 za nikotini kwa mililita, chupa ya kujazia isiyozidi mililita 10 na tangi lisilozidi mililita 2. Italia nayo hutoza kodi yake kwa kimiminika. Marekani ni ngumu zaidi. Tangu Agosti 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa inahesabu kifaa cha vepu kuwa bidhaa ya tumbaku, mtengenezaji anahitaji kibali kabla ya kukipeleka sokoni, na kupeleka vepu kwa wateja kupitia posta kumebanwa kwa sheria ya mwishoni mwa 2020. Uganda ndiyo jirani, lakini sheria yao ya 2015 imekataza kabisa kuuza na kuingiza sigara za kielektroniki. Usimtumie mtu mzigo kwa basi.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye hali yake ni tofauti, naye ni mchongaji. Lamu na Malindi zina mikono inayojua mbao. Mtu anayechonga maua ya mlango wa Lamu kwenye mbambakofi anaweza kuchonga kijisanduku kizuri cha kuwekea vepu, na wageni wanavipenda. Yeye haweki betri, koili wala nikotini. Je, naye anadaiwa asilimia 40?

Jedwali linataja sigara za kielektroniki, vifaa vya kupitishia nikotini, katriji na kimiminika. Halitaji sanduku la mbao. Kwa usomaji wangu, sanduku tupu linalouzwa kama kazi ya mikono ni uchongaji, sawa na kibweta cha kuwekea vito. Lakini ukishatoboa tundu la koili, ukachonga mahali pa swichi na njia ya nyaya, ukaliuza kama “bodi ya vepu”, umelisogeza karibu na ule uzalishaji wa hatua ya katikati niliousema. Mstari uko hapo, na nisingependa mchongaji autafute kwa kubahatisha.

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inampa njia. Mlipakodi anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kuomba uamuzi wa maandishi kuhusu jambo lake mahsusi, na jibu hilo likishatolewa linamfunga Kamishna, mradi mwombaji ameeleza kila kitu kwa ukweli. Neno la mtu wa kaunta, hata likiwa sahihi, halina nguvu hiyo. Barua ieleze aina ya mbao na vipimo, matundu yanayotobolewa na sababu yake, nani anaweka vifaa vya umeme na wapi, na bei ya sanduku likiwa tupu. Aambatanishe picha za pande zote, na mfano wa maneno anayotumia kuliuza. Ofisini agongeshe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake na kuiweka pamoja na risiti za mbao. Mpaka jibu litakapokuja aendelee na vibweta, na masanduku yenye matundu yabaki karakana.